Bunduki Hulala Wapi Mwenyewe Akisafiri?

Wiki iliyopita jirani yangu wa Chamazi, mzee mstaafu anayemiliki kihalali bunduki ya marisau tangu enzi za ujana wake wa kuwinda kanga na ngiri, alinijia barazani baada ya magharibi. "Mwalimu," aliniambia kwa sauti ya chini, "nakwenda Tunduru kumuuguza dada yangu. Sijui nitakaa mwezi mmoja au mitatu. Chombo kile nikiache wapi?" Hakulitaja jina la chombo. Wenye bunduki katika vitongoji vyetu hawalitamki jina hilo ovyo, maana nyumba zimebanana na ukuta wa tofali moja husikiza pande zote mbili.

Nilimpa jibu ambalo kila mtu analijua: ipeleke polisi. Mzee akacheka kidogo. "Hilo nalijua. Hata marehemu baba yako alilijua."

Alikuwa na haki ya kunikumbusha. Baba yangu, karani aliyejenga Tandika, alikuwa na bunduki ya kuwindia aliyoipata kwa leseni mwaka 1968. Kuanzia mwaka 1973, Serikali ilipopiga marufuku uwindaji nchini, hadi uwindaji ulipoanza kurejeshwa mwaka 1978, bunduki ile haikuwa na kazi yoyote ila kupakwa mafuta. Hata hivyo kila aliposafiri aliifungua, akaifunga katika kipande cha turubai na kuipeleka kituoni, akarudi na karatasi aliyoiweka ndani ya Msahafu. Mwaka 1986 ulitokea msiba kwao. Ilikuwa Ijumaa jioni. Kituoni (sitakitaja) aliambiwa kwamba mwenye ufunguo wa ghala ameshaondoka, arudi Jumatatu. Maiti haisubiri Jumatatu. Baba akarudi nyumbani, akaviringisha bunduki ndani ya mkeka na kuificha darini, kisha sote tukasafiri na kumwachia nyumba mpangaji wetu.

Tuliporudi siku ya tisa, bati mbili za upande wa uani zilikuwa zimefunuliwa na mkeka ulikuwa mtupu. Mpangaji alikamatwa, akakaa mahabusu siku kumi na moja, akaachiwa kwa kukosekana ushahidi. Hakurudi tena kuishi kwetu, wala baba hakupata kumtazama usoni hadi alipokufa. Bunduki haikuonekana. Kila iliposikika habari ya duka kuvamiwa Mbagala au Yombo, baba alizima redio.

Tangu siku hizo swali la bunduki hulala wapi limekuwa kwangu swali la historia, na nimeona kwamba ni la zamani kuliko Jeshi letu la Polisi.

Katika miaka ya 1880 pwani yetu ilikuwa mlango mkuu wa silaha. Balozi wa Uingereza mjini Unguja, Euan-Smith, alikadiria mwaka 1888 kwamba kati ya bunduki 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia bara kila mwaka kupitia pwani hii ya mashariki. Nyingi zilikuwa magobore na masalia ya majeshi ya Ulaya yaliyokuwa yakibadilisha silaha zake. Wakubwa wa dunia walishtuka. Tarehe 2 Julai 1890 walisaini Mkataba wa Brussels, ambao wengi tunaukumbuka kwa kupiga vita biashara ya utumwa. Ndani yake, hata hivyo, mlikuwamo vifungu vya silaha vilivyohusu sehemu kubwa ya Afrika, kutoka nyuzi 20 kaskazini ya Ikweta hadi nyuzi 22 kusini yake. Usultani wa Zanzibar nao ulikuwa miongoni mwa waliotia saini.

Vifungu hivyo viliagiza kwamba bunduki zinazoingizwa ziwekwe katika ghala la umma chini ya usimamizi wa serikali, na isitoke hata moja bila kibali. Gobore na baruti ya kawaida viliweza kuruhusiwa kuuzwa. Bunduki za kisasa zilitolewa kwa mtu mwenye dhamana ya kutosha kwamba hatampa wala hatamuuzia mwingine, au kwa msafiri aliyebeba tamko la serikali yake. Kila bunduki iliyotoka ilitakiwa iandikishwe na kupigwa alama. Hapo ndipo lilipozaliwa ghala ambalo mzee wa Chamazi anaambiwa akalibishie hodi. Lilizaliwa kwa hofu kwamba Mwafrika angeipata bunduki nzuri. Usalama wa nyumba ya mwenye bunduki haukuwa hoja ya mtu yeyote kule Brussels.

Hofu yao haikukawia kuthibitika. Tarehe 17 Agosti 1891, mahali paitwapo Lugalo huko Uhehe, askari wa Mtwa Mkwawa waliuvamia msafara wa Wajerumani, wakamuua kamanda wao Emil von Zelewski na kunyakua takriban bunduki 300 na mizinga mitatu. Kwa miaka mitatu silaha zile zilikuwa fahari ya Uhehe. Kisha, Oktoba 1894, ngome ya Kalenga ilibomolewa kwa mizinga, na shehena ya baruti iliyokuwa imelimbikizwa humo ikaangukia mikononi mwa Wajerumani. Ulimbikizaji una tabia hiyo: unamlinda mwenye mali kwa muda fulani, kisha siku moja unamrahisishia kazi adui yake.

Jina la Lugalo leo liko Kinondoni, kando ya Barabara ya Bagamoyo, na hatupiti hapo bila kuiona kambi. Wachache wanakumbuka kwamba kambi ile ilipata jina hilo baada ya kuwa Colito, kwa kumbukumbu ya vita vya mwaka 1941 huko Uhabeshi ambamo walipigana askari wa King's African Rifles. Ilikuwa bado Colito usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964.

Lakini masimulizi ya usiku ule huanzia Unguja, siku nane kabla. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari yaliamuliwa kwa sehemu kubwa katika maghala mawili ya silaha za polisi, la Ziwani na la Mtoni. Watu waliokwenda na mapanga, mashoka na pinde walitoka na bunduki. Serikali iliyokuwa imepata uhuru mwezi mmoja tu uliotangulia ilikuwa imewaachisha kazi polisi wengi wenye asili ya bara, na baadhi ya hao wakawa upande wa waasi. Mtu aliyewahi kushika zamu ghalani anajua mlango uko wapi na mlinzi husinzia saa ngapi.

Serikali ya Tanganyika ilipeleka Unguja kikosi cha polisi wapatao 300 kwenda kusaidia kutuliza hali. Walikuwa sehemu ya nguvu ambayo Dar es Salaam ingeitegemea siku ya shida. Kwa lugha ya mzee wa Chamazi, mwenye nyumba alikuwa amesafiri. Usiku wa kuamkia tarehe 20, askari wa kikosi cha kwanza cha Tanganyika Rifles walilitwaa ghala la silaha kambini kwao, wakawakamata maofisa wao Waingereza na kuingia mjini. Walidai nyongeza ya mishahara na vyeo kwa Waafrika, madai ambayo hata leo siwezi kuyaita ya kipuuzi. Maduka yaliporwa na watu walikufa. Uasi ukaenea hadi Tabora na Nachingwea, na tarehe 25 Januari Mwalimu Nyerere alilazimika kuwaita makomando wa Uingereza kutoka manowari Centaur, jambo lililomuuma. Jeshi lile lilivunjwa. Lililoundwa mahali pake mwaka huohuo ndilo Jeshi la Wananchi wa Tanzania, na jina la kambi likarudishwa kwa Wahehe.

Ninaposomesha habari hii darasani, wanafunzi huuliza kuhusu siasa: nani alikuwa nyuma yake, wakomunisti au vyama vya wafanyakazi. Ni maswali mazuri. Mimi huwauliza swali dogo zaidi: ghala lilifunguliwa na nani? Lilifunguliwa na walewale waliopewa kulilinda.

Msije mkadhani ni mambo ya kale. Usiku wa tarehe 12 Julai 2015 kituo cha polisi cha Stakishari, Ukonga, kilivamiwa, watu saba wakauawa, wakiwamo askari wanne, na silaha zikabebwa. Baadhi yake zilipatikana baadaye Mkuranga. Agosti 2016, Mbande, ambako mzee wangu hupanda daladala, askari wanne waliokuwa katika lindo la benki waliuawa na bunduki zao zikachukuliwa. Wavamizi wa miaka ile walijua kwamba bunduki mahali zinapokusanywa au kushikwa hadharani ni nyingi, nzuri, na zimeshapakwa mafuta. Hakuna aliyehitaji kuhangaika na dari za watu wa Tandika.

Mtu angeweza kuhitimisha kutokana na haya kwamba bunduki ya kuwindia ni bora ibaki nyumbani. Sikubaliani naye. Nyumba isiyo na mtu huko Goba au Toangoma ni dhaifu kuliko kituo chochote. Mwizi mmoja mwenye msumeno wa chuma na saa mbili za mvua usiku anatosha. Kumwachia kijana wa kazi ufunguo ni kumtwika mzigo usio wake, na kisheria ni kosa, kwa sababu leseni ni ya mtu kwa jina lake, si ya nyumba wala ya ukoo. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991, inamtwisha mmiliki mwenyewe wajibu wa kuitunza silaha yake. Mwaka 2016 wamiliki waliitwa kuhakiki silaha zao, na hata Rais Magufuli alionekana magazetini akihakikiwa za kwake. Nayo Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo nchi yetu ni mwanachama wake, inasisitiza uandikishaji na alama juu ya kila bunduki. Ni agizo la Brussels lilelile, baada ya miaka 114, safari hii tukiwa tumekaa mezani wenyewe.

Linalonisumbua ni kwamba katika miaka hiyo yote sheria imemwekea mwananchi masharti mengi namna ya kuifikisha bunduki ghalani, na ghala lenyewe limewekewa machache yanayoonekana kwa mwananchi. Kituo kinachopokea bunduki kingepaswa kuipokea saa yoyote na siku yoyote, kama hospitali inavyompokea mgonjwa. Mwenye ufunguo akiondoka, ufunguo usiondoke naye. Risasi zisilale chumba kimoja na mitutu. Na idadi ihesabiwe kila zamu inapobadilishana, mbele ya mtu wa pili asiyetoka katika zamu hiyo. Hayo si mambo ya gharama. Yangekuwapo Ijumaa ile ya 1986, mpangaji wetu angelala kwake.

Jumanne asubuhi nilimsindikiza mzee. Alikuwa ameitenganisha bunduki, mtutu mbali na kitako mbali, na risasi katika kopo la maziwa ya unga lililofungwa kwa utepe. Tulikwenda kwa bajaji, yeye akiwa amepakata mfuko mrefu kama mtu aliyebeba zulia. Alikuwa ametangulia kupiga simu kuulizia kama mtunza ghala yupo zamu. Alikuwapo, kijana mpole, akamwita "baba" na kumpa kiti. Akasoma namba iliyochongwa juu ya chuma, akailinganisha na kitabu cha leseni, akaandika katika daftari kubwa, akahesabu risasi moja moja kwa sauti: kumi na nne. Mzee alimwomba arudie kuhesabu. Kijana akarudia bila kununa.

Karatasi ya mapokezi tuliitoa kivuli dukani, nje ya kituo. Mzee amekwenda na ya asili Tunduru. Kivuli ameniachia mimi, nami nimekiweka ndani ya Msahafu wa baba.