Faili ya mstari mmoja: jinsi safu za data ya ramani zilivyopata aina zake

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na sababu yake ni sufuri. Ndiyo, sufuri. Ngoja niwaeleze.

Ofisi moja ilinipa orodha ya visima vya maji, kila kisima na msimbo wa wadi yake, nionyeshe kwenye ramani kila wadi ina visima vingapi. Ramani ingetumiwa kugawa pesa za kukarabati visima vilivyopo. Nikaunganisha orodha na mipaka ya wadi, nikapaka rangi, nikapeleka mkutanoni. Mzee mmoja wa Wajir akaitazama kwa muda, kisha akauliza, "Kijana, kwetu hakuna hata kisima kimoja?"

Nikaangalia vizuri, jasho likanitoka. Wajir nyeupe. Kwale, Garissa, Turkana, nyeupe. Hata Nyeri nyeupe. Lakini kuanzia Kakamega hadi Kisii, na Nairobi, rangi tele.

Kenya ina wadi 1,450, na misimbo yake ina tarakimu nne. Inaanza na 0001 Mombasa, inafuata kaunti moja baada ya nyingine, na kuishia 1450 Nairobi. Mtu fulani alikuwa ameifungua orodha kwenye lahajedwali na kuihifadhi upya. Programu ikadhani msimbo ni namba, ikaona sufuri za mwanzo hazina kazi, ikazitupa. Faili yangu ya mipaka ilikuwa na "0001", orodha ikawa na "1", na kwa kompyuta hayo ni maneno mawili tofauti. Misimbo iliyopona ni ile ya 1000 na zaidi tu, ambayo huanzia Kakamega. Pwani, kaskazini na kaunti za katikati zikafutika bila ujumbe wowote wa kosa. Kosa la kutohesabu mistari iliyokosa jozi ni langu mwenyewe.

Nilirudisha sufuri usiku ule ule. Lakini swali lilinikaa kichwani: kwa nini jedwali la maandishi matupu haliwezi kusema lenyewe kwamba safu hii ni maandishi na ile ni namba? Nikaanza kufukua historia.

CSV ni kongwe kuliko wengi wetu. Mwaka 1972 kompaila ya Fortran ya IBM tayari ilikuwa inasoma data iliyotenganishwa kwa mikato. Kwa zaidi ya miaka 30 kila mtu aliiandika alivyotaka, hadi Oktoba 2005 Yakov Shafranovich alipochapisha RFC 4180. Isomeni, ni kurasa chache tu. Inaeleza mikato, alama za nukuu na mwisho wa mstari. Kuhusu aina za data, kimya. Kila kitu ni herufi, na anayesoma ajikisie mwenyewe.

Watu wa ramani walikuwa na desturi nyingine. Walizoea DBF, muundo uliotoka kwa dBASE, programu ambayo Wayne Ratliff aliianza alipokuwa akifanya kazi kwenye maabara ya JPL huko California, na ambayo kampuni ya Ashton-Tate iliiuza tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kila faili ya DBF huanza na utambulisho wa safu zake: jina lisilozidi herufi 10, herufi moja ya aina (C kwa maandishi, N kwa namba, D kwa tarehe, L kwa ndiyo au la), upana, na idadi ya desimali. ESRI walipobuni shapefile, ambayo maelezo yake ya kiufundi yalichapishwa Julai 1998, waliichukua DBF ibebe sifa za kila umbo. Herufi 10 za jina zimenitesa sana, lakini lazima nikiri kwamba DBF haikuwahi kunilia sufuri hata moja.

Mwaka huo huo wa 1998 Mkanada Frank Warmerdam alianza kuandika GDAL. Ndani yake kuna sehemu iitwayo OGR, inayosoma data ya pointi, mistari na maeneo kutoka miundo mingi. Ilipofika zamu ya CSV, OGR ilichukua msimamo kinyume kabisa na lahajedwali. Lahajedwali hukisia kwamba kila kinachofanana na namba ni namba. OGR, usipoiambia lolote, husema kila safu ni maandishi. Hapo sufuri zinapona, ila tatizo jipya linazuka: ukipanga visima kwa kina chake, mita 100 inatangulia mita 9, kwa sababu herufi 1 huja kabla ya 9.

Dawa yao ilikuwa faili ya pili kando ya ile ya kwanza, jina lile lile ila mkia wake ni .csvt. Ndani yake mna mstari mmoja tu. Kwa visima.csv yangu, faili ya visima.csvt inasema hivi:

"String(4)","String(40)","Real(10.6)","Real(10.6)","Integer(4)","Date"

Basi. Msimbo ni maandishi ya herufi nne, jina la kisima herufi 40, longitudo na latitudo ni namba za desimali, kina ni namba kamili, kisha tarehe. Unaiandika kwa Notepad kwa dakika moja. QGIS pia huisoma.

Desimali sita si urembo. Kwenye ikweta digrii moja ni kama kilomita 111, kwa hiyo desimali nne ni mita 11 hivi na desimali sita ni sentimita 11. Kisima kikisogea mita 11 fundi bado atakiona, lakini ukikata desimali zibaki mbili, fundi anatembea kilomita nzima. (Wasomaji wangu wa Lubumbashi na Bukavu, lahajedwali zenu zikiwa kwa Kifaransa huandika 27,48 kwa mkato. Angalieni sana!)

Baadaye wakaongeza aina za CoordX na CoordY, kusema wazi ni safu ipi ya mashariki-magharibi na ipi ya kaskazini-kusini. Ukibadilishana hizo mbili, Nairobi inahamia Bahari ya Mediterania, kusini mwa Hispania. Ukipoteza alama ya kutoa kwenye -1.29, inahamia karibu na Maralal. Hilo la pili ndilo baya zaidi, maana Maralal ni Kenya na hakuna atakayeshtuka.

Wengine walijaribu njia zao. GTFS, muundo wa data ya usafiri uliozaliwa mwaka 2005 kati ya Google na shirika la mabasi la Portland, huweka aina za safu kwenye hati ya maelezo, nje ya faili zenyewe. Ndio uliotumiwa na Digital Matatus kuchora njia za matatu za Nairobi, kazi iliyotolewa kwa umma mwaka 2014. W3C nao Desemba 2015 walitoa viwango vya kueleza jedwali la CSV kwa faili ya JSON. Vimekamilika, vinapendeza, na sijawahi kutumiwa hata kimoja kazini. Na wanasayansi wa jeni? Mwaka 2020 kamati yao ya majina ilitangaza kanuni mpya, na jeni MARCH1 ikawa MARCHF1, kwa kuwa lahajedwali ziliigeuza tarehe ya mwezi Machi. Yaani jeni la binadamu likabadilishwa jina ili programu ibaki kama ilivyo.

Udhaifu wa .csvt ni kwamba inatembea peke yake. Mtu anakutumia visima.csv kwa barua pepe na kuisahau ndugu yake. Pia hairudishi sufuri iliyokwisha kuliwa. Siku hizi ninazifunga zote mbili kwenye zip moja, pamoja na .prj inayotaja mfumo wa viwianishi, maana ramani zetu za zamani za Arc 1960 hutofautiana na GPS kwa mita 300 hivi.

Ramani mpya niliipeleka wiki iliyofuata. Mzee wa Wajir aliinama, akaweka kidole juu ya wadi yake, akahesabu, akasema kimepungua kimoja. Nikakagua. Kilikuwa kimeandikwa bila longitudo.