Ngoma Isiyo na Mfalme: Vijana wa Dzaleka na Urithi wa Wazazi

Wahenga walinena: mwacha mila ni mtumwa. Lakini je, kijana aliyezaliwa kambini, asiyepata kuiona nchi ya wazazi wake, ameiacha mila ipi? Swali hili, wanafunzi wangu, linatupeleka Dzaleka, Wilaya ya Dowa, yapata kilomita 45 kutoka Lilongwe, mji mkuu wa Malawi.

Enzi za Rais Kamuzu Banda, Dzaleka palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Mwaka 1994, mwaka ule ule Banda aliposhindwa katika uchaguzi, mahali hapo pakageuzwa kuwa kambi ya wakimbizi kutoka nchi za Maziwa Makuu. Kambi ilikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Idadi yao sasa imepita 50,000, wengi wao wakitoka Kongo, Burundi na Rwanda. Miaka thelathini ni umri wa kizazi kizima. Wamo vijana wanaozungumza Kiswahili na majirani, Kichewa na wenyeji, na Kiingereza darasani, ilhali lugha ya bibi zao huisikia nyumbani tu.

Tuchukue mfano wa ngoma ya Warundi. Katika Kirundi, neno *ingoma* lina maana mbili: ngoma na ufalme. Ngoma hiyo ilipigwa mfalme alipotawazwa, alipozikwa, na katika sherehe ya kupanda mtama. Huchongwa kwa mti uitwao *umuvugangoma*, yaani mti unaoisemesha ngoma. Ufalme wa Burundi ulifutwa mwaka 1966, lakini ngoma haikufa pamoja nao. Mwaka 2014 UNESCO iliitambua kuwa urithi wa binadamu wote.

Mwaka huo huo wa 2014, mshairi mkimbizi kutoka Kongo, Trésor Nzengu Mpauni, alianzisha Tamasha la Tumaini huko Dzaleka. Wageni hufika kutoka Lilongwe, na baadhi yao hulala katika nyumba za wakimbizi. Hapo ngoma za Kirundi hupigwa hadharani, mbele ya Wamalawi. Kijana aliyezoea kuitwa mkimbizi husimama jukwaani kama mrithi wa sanaa ya kale.

Aidha, urithi huo haukai kimya huko ulikotoka. Mwaka 2017 serikali ya Burundi iliwakataza wanawake kupiga ngoma hiyo, na ikavitaka vikundi viombe kibali kabla ya kuipiga nje ya sherehe rasmi. Kwa hiyo, kurithi si kupokea tu kitu kilichokamilika. Ni kuingia katika mjadala ambao bado unaendelea.

Hata hivyo, fahari hiyo ina hatari yake. Kwa sheria ya uraia ya Malawi ya mwaka 1966, kuzaliwa nchini hakutoshi: sharti mzazi mmoja awe raia. Tena, Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, haikukubali kufungwa na vifungu vyote, vikiwamo vya uhuru wa kwenda watakako. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi walioishi mijini, Lilongwe ikiwamo, warejee Dzaleka. Katika hali hiyo, kijana akijivunia Urundi wake, mtu aweza kumjibu: “Basi rudi kwenu.”

Jibu hilo lina kosa, na historia ya Malawi yenyewe inalifichua. Wangoni walitoka kusini mwa Afrika. Mwaka 1835 waliuvuka Mto Zambezi wakiongozwa na Zwangendaba, na baadaye wazao wao wakaweka makao Mzimba. Hadi leo Wangoni wa Mzimba hucheza mchezo uitwao *ingoma*, neno lile lile la Warundi. Hakuna awaambiaye warudi Natal. Huhesabiwa Wamalawi, na mchezo wao huhesabiwa hazina ya taifa.

Hivyo basi, tutenganishe mambo mawili. Asili hueleza mtu alikotoka. Uraia hueleza jamii inayomtambua na kumpa haki na wajibu. La kwanza lisitumiwe kumnyima mtu la pili. Waswahili husema ngoma, Wachewa *ng’oma*, Warundi *ingoma*. Kijana wa Dzaleka anayajua maneno yote matatu. Kinachosalia ni sheria kumjua yeye.