Kabla ya "Vuta Pumzi" Kuingia Kwenye Simu Yako

Wasee, wacha nianze na aibu yangu. Mwaka juzi nilikuwa nafanya kazi mahali pa kupokea simu za wateja, zamu ya usiku. Ovataimu haikulipwa miezi 3. Tukaenda kuuliza, tukaitwa mkutano, na tulichopewa hakikuwa pesa. Ilikuwa namba ya kufungua programu ya simu inayofundisha uzingativu, ile kitu ya "vuta pumzi, achilia, rudi kwa sasa". Sauti ni nyororo kama ya mtangazaji wa usiku wa manane.

Nilijaribu bana. Siku 12. Nikivuta pumzi naona landilodi, nikiachilia naona landilodi. Siku ya 13 nikafuta programu nikajiambia basi shida ni mimi, kwani wengine si wanatulia?

Hiyo "shida ni mimi" ndiyo ilinifanya nianze kuchimba hii kitu ilitoka wapi. Nilidhani ni California. Wapi!

Novemba 1885, wanajeshi wa Uingereza waliingia Mandalay, mji mkuu wa Burma, ambayo leo ni Myanmar, wakamchukua Mfalme Thibaw wakampeleka uhamishoni India. (Sisi hiyo sinema tunaijua.) Kwa Waburma, mfalme ndiye alikuwa mlinzi wa dini ya Buddha. Sasa ameenda, nani atatunza mafundisho? Mtawa mmoja, Ledi Sayadaw, akaja na jibu geni kabisa kwa wakati huo: wapewe watu wote. Kutafakari kwa kina kulikuwa mambo ya watawa, tena wachache wao. Yeye akazunguka nchi akifundisha watu wa kawaida na kuandika kwa lugha wanayoelewa. Akafika mahali pa kumruhusu mkulima, Saya Thetgyi, awe mwalimu. Mkulima! Yaani hii kitu ilitoka kwa watawa ikafika kwa raia wakati raia walikuwa wamepokonywa nchi.

Mwanafunzi mmoja wa huyo mkulima alikuwa karani wa serikali, U Ba Khin. Burma ilipopata uhuru 1948 akawa mhasibu mkuu wa serikali. Na hapa nilicheka peke yangu, kwa sababu alianza kuwafundisha kutafakari wafanyakazi wa ofisi yake mwenyewe. Bosi na uzingativu, tena! Lakini yeye alikaa chini pamoja nao, na anakumbukwa pia kwa kupambana na ufisadi ofisini. Wangu alituma namba.

Mwaka 1955 akaja kwake mfanyabiashara mwenye asili ya India, S. N. Goenka, kichwa kikimuuma vibaya sana, madaktari wameshindwa. U Ba Khin kwanza alimkatalia. Kama unatafuta tu dawa ya kichwa, alimwambia, umekosea mlango. Baadaye alimpokea, na Goenka akaenda kufundisha India kuanzia 1969: kozi za siku 10, bila ada. Vijana wa Marekani waliokuwa wakizurura India wakajifunza kwake na kwa walimu wengine. Wawili wao, Joseph Goldstein na Sharon Salzberg, walirudi kwao wakasaidia kuanzisha kituo katika mji wa Barre, Massachusetts.

Ni hapo Barre, 1979, ndipo Jon Kabat-Zinn, mwanasayansi wa biolojia, alipopata wazo lake. Ameandika mwenyewe kwamba lilimjia kwa kama sekunde 10 hivi: kwa nini hii isipelekwe hospitalini, bila dini? Mwaka huohuo akaanza kozi katika hospitali ya chuo kikuu mjini Worcester. Aliomba wagonjwa ambao madaktari walikuwa wamekwama nao, watu wa maumivu yasiyoisha. Kozi hiyo, ambayo baadaye ilitulia kwenye wiki 8, ilikuwa ya kukutana na mwalimu na wenzako kila wiki, kisha nyumbani unafanya mazoezi ukisikiliza kaseti.

Kaseti, manze. Hiyo ndiyo babu ya programu yako. Headspace ilianza London 2010, Calm ikafuata 2012, na korona ilipotufungia ndani 2020 watu wakazikimbilia. Sauti ikaingia mfukoni. Mwalimu na kile kikundi wakabaki nyuma, na mlango ukawekewa malipo ya kila mwezi.

Sasa, je, inafanya kazi? Sitaki kudanganya mtu. Mwaka 2014 jarida la madaktari wa Marekani lilichapisha uchambuzi wa majaribio 47 yenye watu 3,515. Kutafakari kulipunguza wasiwasi, huzuni na maumivu kwa kiasi, lakini hakukuonekana kushinda dawa wala mazoezi ya mwili. Mwaka 2016 ukatoka uchambuzi wa majaribio 15 ya uzingativu wa mtandaoni pekee. Msongo ulipungua zaidi, huzuni na wasiwasi kidogo. Na pale ambapo kulikuwa na mtu wa kukuongoza, anayekuuliza umefika wapi, msongo ulishuka zaidi kuliko pale ulipoachwa na skrini peke yako.

Nilisoma hiyo mara mbili. Siku zangu 12 hakuna aliyeniuliza chochote, isipokuwa ile programu, ikitaka nilipe nifungue somo la usiku.

Ovataimu tulilipwa nusu, baada ya watu 6 kuandika barua moja na kuisaini wote. Niliacha kazi mwezi uliofuata. Siku hizi Jumapili saa 3 usiku watano kati yetu hupigiana simu ya pamoja, mmoja anasoma maelekezo ya bure aliyoyapata mtandaoni, tunakaa kimya dakika 20, halafu kila mtu anasema wiki yake ilikuwaje. Ubavuni mwangu TV ya jirani haizimwi. Wa sita bado yuko kule kwa simu za usiku. Anasema atajiunga akipata ofu.