Babeli ya Yohana

Kitabu cha Ufunuo kimewatia wasomaji wengi hofu. Ndani yake mna mnyama mwenye vichwa saba, na juu yake ameketi mwanamke aliyevaa zambarau, jina lake Babeli. Asiyejua habari za wakati ule huweza kuiona Babeli kwa adui yeyote amchukiaye. Na ndivyo walivyofanya wengi, huyu akimtaja Papa, yule akimtaja Napoleon.

Lakini Babeli ilikuwa nini kwa Myahudi? Mwaka 586 kabla ya Kristo majeshi ya Babeli yaliuteka Yerusalemu yakalichoma hekalu. Hekalu likajengwa tena, na mwaka 70 baada ya Kristo Warumi wakaliteketeza. Tangu hapo wako waandishi wa Kiyahudi ambao, wakitaja Babeli, walikusudia Rumi. Kwani tendo lilikuwa lile lile, mtendaji ndiye aliyebadilika. Yohana, aliyekuwa katika kisiwa cha Patmo, alitumia lugha hiyo, akaeleza kwamba vile vichwa ni milima saba. Kaisari Vespasian alikuwa amekwisha kutoa sarafu, mwaka 71, yenye sura ya Roma, mungu wa kike wa mji ule, ameketi juu ya vilima saba.

Hesabu ya 666 nayo ina ufunguo wake. Wayahudi walihesabu kwa herufi, kama wajuavyo abjadi wazee wa pwani yetu waliosoma chuoni. Neron Kaisari, kwa herufi za Kiebrania, ni 50, 200, 6, 50, 100, 60 na 200, jumlisha, msomaji. Nero ndiye aliyewatesa Wakristo wa Rumi baada ya moto wa mwaka 64. Wataalamu wengine hawakubali ufumbuzi huu. Mimi naukubali, kwa kuwa nakala chache za kale zina 616, mojawapo ikiwa kipande cha mafunjo kutoka Oxyrhynchus, Misri, kilichochapishwa mwaka 1999. Jina likiandikwa Nero, kwa namna ya Kilatini, herufi ya mwisho huanguka, na 50 hupungua.

Tena kuna orodha ya shehena ambazo wafanya biashara wa Babeli wanazililia mji uangukapo: dhahabu, lulu, kitani, pembe za ndovu, mdalasini, mvinyo, ngano, farasi. Mwishoni kabisa, baada ya magari, wametajwa wanadamu. Barua hii ilipelekwa kwanza Efeso, mji wa bandari, ambako Wakristo waliweza kuviona vitu hivyo vyote vikipakiwa, na watu pamoja navyo.