Kuku wa Kalenda, Siku za Kipande

Kalenda ya mezani niliyoletewa zawadi ina kuku 12, kila mmoja na mwezi wake. Wamechorwa kizamani: jogoo kasimama ubavu, kifua mbele, manyoya yamepangika utadhani kapigwa pasi. Januari ni Brahma, mwenye manyoya mpaka vidoleni.

Picha za namna hii zilivuma Uingereza miaka ya 1870, J. W. Ludlow alipochora kuku wa kitabu kikubwa cha ufugaji cha Lewis Wright. Hazikuwa pambo tu, zilikuwa kipimo. Mfugaji aliwatazama kuku wa Ludlow, kisha akamtazama wake bandani, akaona upungufu. Biashara nayo haikulala. Mwaka 1852 Mmarekani George Burnham alimpelekea Malkia Victoria kuku 9 wa aina hiyo. Mwaka 1855 akaandika kitabu kizima cha kuicheka homa ya kuku iliyomnufaisha mwenyewe. (Jamaa huyu angeuza sana vifaranga mtandaoni leo.)

Huku Usambara, jogoo alikuwa saa kabla hajawa picha. Safari ilipangwa kwa jogoo la kwanza au la pili, kilimo kwa masika na vuli, na mwezi ulikuwa ule ule wa angani. Wamisionari wa Kijerumani walipoweka kituo Mlalo mwaka 1891, walikuja na Jumapili yao. Hiyo watu waliweza kuikubali au kuikataa.

Kipande hakikuwa na hiari. Lushoto ilikuwa ikiitwa Wilhelmstal, kwa jina la Kaiser, na reli ya kutoka Tanga ilishafika Mombo mwaka 1905. Walowezi walitaka mikono. Msambaa mwenye migomba na mahindi yake hakuwa na haraka ya kupalilia shamba la mzungu, na kwa nini awe nayo? Basi mwaka 1907 serikali ikaleta kadi wilayani: kila miezi 4, siku 30 za kumfanyia kazi mzungu kwa ujira uliopangwa. Usipozitimiza, unapelekwa kwenye kazi za serikali.

Nadhani hii ndiyo kalenda iliyoingia maungoni mwa watu. Hesabu ya kipande iliendelea hata chini ya Waingereza, kwenye mashamba ya mkonge kule chini bondeni. Siku uliyougua haikuhesabiwa. Mwezi angani ungeweza kuandama na kufa, wako ukiwa bado haujaisha mpaka kadi ijae.

Hao 12 wa mezani kwangu wote ni wa maonyesho ya Ulaya na Marekani. Kuchi mwenye miguu mirefu hayumo, kishingo hayumo, wala kidimu na manyoya yake yaliyopinda. Hao wako uani, wanaparua chini ya migomba, na alfajiri wanawika kama kawaida.