Karata Nzuri Hutupwa Lini?



Kijana mmoja wa hapa Pasiansi, katika wale wanaoshiriki mashindano ya poka kwa simu, ameniuliza swali ambalo nimeona lijibiwe hadharani. Inakuwaje mtu agawiwe wafalme wawili, karata ambazo wengi huzisubiri usiku kucha, kisha aambiwe kuwa mchezaji hodari angezitupa? Jibu lake limo katika historia ya mji wetu wenyewe, nami leo nitapita njia hiyo.

Kwanza tuelewane juu ya mchezo. Karata si jambo geni kwetu. Turufu, kopa, uru na shupaza ni maneno tuliyoachiwa na Wareno, waliofika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1498. Katika poka kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Baadaye hufunuliwa karata tatu mezani, kisha ya nne, kisha ya tano, na zote hizo ni za watu wote. Ree mbili ndizo karata bora za kuanzia, na kwa wastani mtu huzipata mara moja katika kila migao 221. Akipambana na mtu mmoja mwenye karata zozote zile, atashinda mara 85 hivi katika 100. Lakini wakibaki wapinzani wanane hadi mwisho, ushindi wake hushuka hadi mara 35 hivi. Karata ni zile zile. Kilichobadilika ni meza.

Sasa tuje kwenye historia. Novemba 1914, Waingereza walileta Tanga jeshi la watu 8,000 hivi kutoka India. Kanali Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa na watu wapatao 1,000, wengi wao askari Waafrika. Aliwashinda, akateka bunduki mamia na risasi kwa malaki. Baada ya ushindi wa namna hiyo, nani asingejiona ana mkono wa dhahabu?

Miezi miwili baadaye, tarehe 18 na 19 Januari 1915, alishambulia kambi ya Waingereza huko Jassini, kaskazini mwa Tanga. Alishinda tena, na kambi ikasalimu amri. Lakini alipofanya hesabu aliona kwamba risasi 200,000 zimekwisha na maofisa wengi wazoefu wameanguka. Aliandika baadaye kwamba, kwa akiba aliyobaki nayo, angeweza kupigana mapambano matatu tu ya aina ile. Meli za Waingereza zilikuwa zimeziba bahari, na adui yake angeweza kuleta watu na risasi kila mwezi. Tangu hapo aliamua kupiga na kuondoka, na kuacha mahali pazuri kila palipotaka kumgharimu kuliko alivyoweza kulipa.

Zingatia, msikilizaji, kwamba somo hilo hakulipata kwa kushindwa. Alilipata siku ya ushindi, na hilo ni jambo gumu, kwa kuwa ushindi humfanya mtu asihesabu.

Turudi Mwanza. Mji huu ulikuwa bandari kubwa ya Wajerumani katika ziwa, wenye kituo cha simu ya upepo, na nyuma yake nchi ya Wasukuma yenye watu wengi na chakula. Ilikuwa karata ya mfalme. Lakini tazama karata tatu zilizofunuliwa mezani mwaka 1916. Ya kwanza, Waingereza walikuwa na meli zao kutoka Kisumu, ambako reli ilifika tangu 1901. Walikwisha kuvamia Bukoba Juni 1915, na Juni 1916 wakaiteka Ukerewe. Ya pili, Wabelgiji walikuwa wameingia Rwanda na walikuwa wakiteremka kuelekea Tabora. Ya tatu, Jenerali Smuts alikuwa amekwisha kuichukua Moshi na kusonga kusini kuelekea Reli ya Kati.

Julai 1916 jeshi la Waingereza chini ya Brigedia Jenerali Crewe liliteremka pwani ya ziwa, si mbali na mji. Wajerumani hawakungoja kuzingirwa. Tarehe 14 Julai Mwanza iliingia mikononi mwa Waingereza, na waliokuwa wakiilinda walikuwa wanashika njia ya Tabora. Huko nako Jenerali Wahle, kamanda wa upande wa magharibi, aliondoka kabla mlango haujafungwa, na Wabelgiji wakaingia Tabora tarehe 19 Septemba.

Hapo ndipo swali la wafalme wawili linapojibiwa. Katika mashindano ya poka, kete si fedha mfukoni; ni uhai wa kubaki mezani. Ukizidisha kete zako mara mbili, nafasi yako ya zawadi haizidi mara mbili. Ukizipoteza zote, unatoka. Kwa hiyo kete unayopoteza ina thamani kuliko kete unayopata. Una wafalme wawili, mezani imefunuliwa ree, na mchezaji mwangalifu aliyekuwa kimya anaongeza dau mara ya pili. Usiulize tena karata zako zilikuwa nzuri kiasi gani zilipogawiwa. Uliza yeye ana nini, na wewe umebakiwa na nini.

Yapo hata mashindano ya mchujo ambamo ree mbili zenyewe hutupwa. Tuseme zawadi ni tiketi 10 zilizo sawa na wamebaki wachezaji 11. Wewe una kete nyingi, na yuko mmoja anayekaribia kwisha. Tajiri mwenzako anasukuma kete zake zote katikati. Ukimpiga, hupewi tiketi mbili. Ukipigwa, umepoteza ile iliyokuwa karibu yako. Kwa nini ujitie katika hatari hata ya mara 15 katika 100?

Lakini kujua si kutenda. Kanali yule yule, Oktoba 1917, alisimama Mahiwa, huku Lindi, akapigana siku nne. Hasara ya Waingereza ilikuwa kubwa kuliko yake, na vitabu vingi vinamwita mshindi. Hata hivyo alipoteza watu zaidi ya 500 katika 1,500 hivi, na hakuwa na pa kupata wengine. Majuma machache baadaye aliwaacha nyuma wagonjwa na majeruhi wake, na Novemba akavuka Ruvuma kuingia nchi ya Wareno. Alisalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, baada ya vita kwisha Ulaya. Kwao alipokewa kama shujaa.

Hapa, msikilizaji, ndipo ninapoachana na wanaomsifu mno. Kete zilizomweka mezani miaka minne hazikuwa zake. Zilikuwa askari wetu, wapagazi wetu, ng'ombe na ghala za wakulima waliopitiwa na majeshi ya pande zote mbili. Waingereza nao walikusanya wapagazi kwa malaki, na makumi ya maelfu yao wakafa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Jina la Kariakoo pale Dar es Salaam linatokana na kikosi hicho cha wabeba mizigo. Ugogo, baada ya majeshi kuchukua chakula na mifugo na mvua kukosekana, iliingia katika njaa kuu ambayo Wagogo huiita Mtunya. Kila mji ulioachwa kwa busara ya kijeshi ulimaanisha mwendo mwingine kwa mpagazi na ghala jingine kukombwa. Aliyetupa karata aliokoa jeshi lake. Mwenye ghala hakuulizwa.

Kwa hiyo anayetaka kujifunza kutupa karata nzuri ana hesabu tatu za kufanya, si moja. Ahesabu meza imefunua nini. Ahesabu amebakiwa na nini, hasa siku aliyoshinda. Na kabla ya zote, ahesabu kete ni za nani. Mtaji wa dagaa, ada ya mtoto na kodi ya nyumba zina wenyewe, na wenyewe hawakuketi mezani. Fedha ya namna hiyo, hata ungegawiwa ree mbili, mahali pake ni nyumbani.