Simu Kutoka "Google": Kisa cha 2012 Ambacho Kila Mwenye Duka Wendani Anafaa Kujua

Wasee, leo ni historia, na usihepe. Si ile ya kukariri tarehe za vita. Ni ya simu, duka dogo, na pesa zinazotoka kwa akaunti wakati mwenyewe amelala.

Nianze na dhambi yangu, ndio usione kama nahubiri. Mwaka niliotoka chuo, karo ikiwa imenilemea, nilipata kazi ya kupiga simu. Kampuni sitaitaja. Ofisi ilikuwa chumba kimoja juu ya duka, meza sita, simu sita, na karatasi moja imebandikwa ukutani. Ile karatasi ndiyo ilikuwa bosi. Mstari wa kwanza ulisema: "Habari yako, napiga kutoka timu ya Google." Hatukuwa timu ya Google. Tulikuwa vijana sita wenye njaa, tunalipwa komisheni kwa kila mwenye biashara anayekubali "wiki mbili za matangazo bure" na kujaza namba za kadi yake kwenye linki.

Nilidumu wiki tatu. Sikuacha kwa sababu ya utakatifu. Niliacha kwa sababu komisheni haikuja. Lakini nilipotoka pale nilianza kujiuliza ile karatasi ilitungwa na nani, nikaanza kusoma. Nikapata kwamba Nairobi ilishawahi kupigiwa simu kama hizo, na safari hiyo, manze, jina Google halikuwa uongo. Uongo ulikuwa kwingine.

Rudi nyuma hadi 2011. Thika Road bado inajengwa, vumbi kila mahali. Nairobi kuna kampuni inaitwa Mocality, iliyo chini ya kundi la Naspers la Afrika Kusini. Kazi yake ni kutengeneza orodha ya biashara: kinyozi, fundi wa viatu, duka la dawa, gereji, kila moja na namba yake ya simu na mahali ilipo. Habari nyingi za aina hiyo hazikuwa zimekusanywa mahali pamoja. Ndio Mocality ikawatumia watu wa kawaida wenye simu za mkononi, wakazunguka mitaani wakisajili maduka, na kwa kila biashara iliyothibitishwa wakalipwa kwa M-Pesa. Kufikia mwanzo wa 2012 orodha ilikuwa na biashara zaidi ya 170,000, na kampuni ilisema imeshawalipa wasajili karibu shilingi milioni 11. Hilo ni jasho la vijana kama mimi na wewe, mtaa kwa mtaa.

Septemba 2011 Google nayo ikazindua mpango wake wa kuziingiza biashara za Kenya mtandaoni. Duka dogo lilipewa tovuti ya bure, na jina la .co.ke bila malipo kwa mwaka wa kwanza. Wazo poa kabisa. Shida ni kupata wateja. Utawapataje wenye maduka elfu nyingi wa kuwapigia simu?

Muda mfupi baadaye Mocality ikaanza kupokea simu za ajabu. Wenye biashara walikuwa wanauliza kuhusu tovuti zao. Tovuti gani? Mocality haikuwa imemtengenezea mtu yeyote tovuti. Wakachimba kumbukumbu za mitambo yao na kuona kwamba kuna anwani moja ya intaneti inayofungua kurasa za biashara zao moja baada ya nyingine, siku baada ya siku, na wenye biashara hizo ndio waliokuwa wanapigiwa.

Sasa sikiza walichofanya, kwa sababu hapa ndipo somo lilipo. Hawakukimbilia kulia mtandaoni. Mnamo Desemba 21, 2011 walibadilisha programu yao kidogo, ili mtu akiingia kutoka kwa ile anwani, baadhi ya namba za simu anazoziona ziwe za wafanyakazi wa Mocality wenyewe. Wafanyakazi wakakaa wakijifanya wenye maduka. Simu hazikuchelewa kuingia. Mpigaji akasema anatoka Google, na kwamba Google na Mocality wanafanya kazi hiyo pamoja. Hapo ndipo uongo ulipokuwa, maana makubaliano kama hayo hayakuwepo. Kila neno lilirekodiwa.

Baada ya siku chache zile simu za Nairobi zilinyamaza. Halafu kazi ileile ikaanza tena kutoka anwani ya Google iliyoko India. Mtego ukawekwa tena, sauti zikarekodiwa tena. Kwa hesabu ya Mocality, karibu asilimia 30 ya orodha yao ilikuwa imeguswa.

Januari 13, 2012 mkuu wa Mocality, Stefan Magdalinski, aliweka kila kitu hadharani, rekodi za simu zikiwemo. Dunia nzima ya teknolojia ikageuka kuangalia Nairobi. Siku hiyohiyo Nelson Mattos, mmoja wa makamu wa rais wa Google, alijitokeza akasema wameaibika, akakiri kwamba watu waliokuwa kwenye mradi wa Google walitumia data ya Mocality isivyofaa na kudanganya kuhusu uhusiano wa kampuni hizo mbili, na akasema wameshaiomba Mocality radhi.

Kampuni kubwa hivyo iliinamisha kichwa siku moja. Si kwa sababu Mocality walikuwa na nguvu. Ni kwa sababu walikuwa na tarehe, anwani na sauti. Na kabla ushangilie sana, Mocality yenyewe ilifungwa mapema 2013. Kuwa na haki hakukuwalipia kodi ya ofisi.

Kuna kitu kingine kilinisumbua niliposoma kisa hiki. Yule kijana aliyekuwa kwenye simu Nairobi, najua anavyokaa kwa kiti. Amepewa karatasi. Hajui mkataba uko wapi, wala hajaulizwa kama anauamini. Simtetei, kwa sababu hata mimi ningeweza kuuliza na sikuuliza. Ile kujifanya hujui ndiyo inafanya hii biashara iendelee.

Na si Kenya tu. Ulaya, kabla hata mitandao ya kijamii haijashika, mwenye duka alikuwa anapokea barua: tafadhali hakikisha jina na anwani yako kwenye orodha yetu ya biashara, ni bure. Anasaini, anarudisha. Baadaye bili inakuja, karibu euro 1,000 kwa mwaka, miaka mitatu, kwa sababu chini ya fomu kulikuwa na maandishi madogo. Kampuni iliyolalamikiwa sana iliitwa European City Guide, ya Uhispania. Bunge la Ulaya lilipata malalamiko zaidi ya 400 kuhusu kampuni za aina hiyo, na Desemba 2008 likapitisha azimio la kuzikemea.

Marekani nako, duka la zawadi la Lane's Gifts katika jimbo la Arkansas lilishtaki Google na kampuni nyingine mwaka 2005, likisema watangazaji wanatozwa kwa mibofyo isiyo ya wateja halisi. Mwaka uliofuata Google ikakubali kumaliza kesi kwa dola milioni 90. Lakini mwenye duka hakupewa pesa mkononi. Sehemu yake ilikuwa ya kununulia matangazo zaidi, kwa Google haohao. Mawakili ndio walipewa pesa taslimu.

Ukiangalia visa vingi vya aina hii utaona vinafanana mahali pawili. Kwanza kuna kitu cha bure. Pili kuna jina unaloliamini, na anayelitumia amelikopa bila ruhusa. Kilichobadilika ni njia ya kuchukua pesa. Zamani walituma bili, na bili unaweza kukataa kulipa. Siku hizi wanashika kadi.

Hapa ndipo sisi Wakenya tunachomeka vibaya, kwa sababu kizazi chetu kimelelewa na M-Pesa. Ilipoanza Machi 2007 wengi wetu tulikuwa hata hatujui kufunga kamba za viatu. Akili yetu yote kuhusu pesa ni ya M-Pesa: pesa haitoki mpaka niweke PIN. Mimi ndiye nasukuma. Nikikosea namba, natuma ule ujumbe kwa 456 naomba irudishwe.

Kadi mtandaoni haiko hivyo. Ukishaacha namba zako, muuzaji ndiye anavuta. Akiwa na ruhusa ya kila mwezi atavuta kila mwezi, na huulizwi PIN. Wendani imejaa biashara za ukurasa wa mtandaoni: nywele, viatu vya mtumba, keki, kucha, vyombo vya wanafunzi wa hosteli. Kulipia tangazo kwenye majukwaa ya nje mara nyingi hufanywa kwa kadi. Tangu Juni 2022, Safaricom na Visa walipoleta kadi ya mtandaoni ya M-Pesa, hata asiye na akaunti ya benki anaweza kuwa na kadi ndani ya simu. Mlango ulifunguliwa haraka kuliko tulivyofundishwa kuufunga.

Tunaishi ploti moja na anti mmoja anayeoka keki za bathdei. Mwaka jana alinigongea mlango na taarifa ya benki mkononi. "Kijana wangu, wewe ni mtu wa kompyuta. Hii ni nini?" Makato matatu, miezi mitatu, 3,900 kila mara, kwa jina la kampuni ambayo hajawahi kuisikia. Nilipomuuliza kama kuna mtu alimpigia simu, akaniambia alivyoambiwa. Ilikuwa ile karatasi yetu ya ukutani, karibu neno kwa neno.

Ningeweza kunyamaza. Nilimwambia. Nikamwambia, anti, mimi nimewahi kufanya hiyo kazi. Aliniangalia muda mrefu, akavuta stuli, akakaa. "Basi si unajua wanavyofikiria. Kaa hapa tuandike hiyo barua."

Kupinga makato ya kadi ni haki yenye historia. Marekani iliiweka kwenye sheria mwaka 1974: mwenye kadi ya mkopo akiona kosa kwenye bili, anaandika barua ndani ya siku 60, na benki lazima ichunguze. Lakini sheria hiyo iliandikiwa mtu anayenunua vitu vya nyumbani. Mwenye duka anayelipia matangazo ya biashara alihesabiwa kuwa mtu anayejua anachofanya. Kwetu, tegemeo lako la kwanza ni kanuni za Visa na Mastercard zenyewe. Unalalamika kwa benki yako, benki yako inauliza benki ya muuzaji, muuzaji anapewa nafasi ya kujibu kwa ushahidi. Kwa malalamiko mengi kanuni hizo zinatoa kama siku 120, lakini benki yako inaweza kukutaka uje mapema zaidi, kwa hivyo usikae nalo.

Na muuzaji atajibu nini? Ataleta ile alama ya tiki uliyoweka. "Alikubali masharti." Ukienda benki na maneno "walinidanganya" peke yake, unashindwa. Ukienda na skrinshoti ya ahadi ya bure, tarehe ya simu, na barua pepe ya kuwaambia wasimamishe, unasikilizwa. Ni ule mtego wa Mocality kwa kipimo cha ploti.

Anti alikuwa amewaandikia wasimamishe, baada ya makato ya kwanza. Alikuwa hata amesahau. Tuliipata ile barua pepe chini kabisa, katikati ya oda za keki. Makato mawili ya mwisho yalirudishwa. Ya kwanza ilikataliwa, kwa sababu ya tiki. Kwa hivyo alipoteza 3,900, ambayo kwake ni unga na siagi ya wiki.

Sheria zetu pia zimekua tangu kile kisa. Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu bidhaa au huduma, na malalamiko yanapelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 ilianza kutumika Machi 2013. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa nguvu ya kumuuliza anayekupigia: namba yangu umeitoa wapi? Lakini zote zinasubiri mtu alete ushahidi. Hakuna ofisi itakayokuja Wendani kutafuta skrinshoti kwa simu yako.

Kwa hivyo simu ikiingia leo na mtu aseme anatoka kampuni kubwa, mwambie akutumie hayo maneno kwa maandishi. Kata simu, tafuta mwenyewe namba rasmi ya hiyo kampuni, uliza. Weka kadi ya matangazo kando na ile ya pesa ya stoki, na uiwekee kiasi cha tangazo tu. Soma taarifa ya benki kila mwezi, hata kama inaogopesha.

Na wewe uliye kwa ile meza, na karatasi ukutani, ukisoma hii wakati wa lanchi: uliza mkataba na hiyo kampuni kubwa uko wapi. Wakikosa kukuonyesha, unajua tayari wewe ni nani katika hiki kisa. Mimi nilijua, na ilinichukua wiki tatu na komisheni iliyokataa kuja.

Anti bado ananiletea vipande vya keki vilivyovunjika. Hajawahi kulitaja tena hilo jambo. Lakini kila akipigiwa na namba asiyoijua, anaweka sauti juu, ananiita nje, na kabla aseme haloo ananiambia: "Rekodi."